Kutoka Waraka hadi "Nyumba Inauzwa": Historia Fupi ya Lugha ya Kuuzia Nyumba

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, andiko maarufu kuliko yote kuhusu nyumba ni la kukanusha. Limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu au nyeusi, herufi kubwa zisizolingana: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongeza chini yake onyo kwa matapeli, wengine namba ya simu ya mwenye mali. Ukivuka mpaka ukaingia Kenya, utayakuta maneno ya aina hiyo yamebandikwa kwenye kiwanja kitupu chenye majani yanayofika kiunoni. Hakuna mtu aliyeuliza, lakini nyumba imejibu.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kuona sentensi fupi yenye historia ndefu kama hiyo. Nyumba inalazimika kukana kwamba inauzwa kwa sababu maneno ya kuuzia nyumba yamepoteza uzito. Mtu yeyote anaweza kuyatamka kuhusu nyumba yoyote, hata isiyo yake. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba haikuwa hivyo tangu mwanzo. Lugha ya kuuzia nyumba katika pwani yetu ilikuwa lugha ya ushahidi kabla ya kuwa lugha ya sifa. Nami nashikilia kwamba anayetaka tangazo lake limvute mnunuzi leo atapata msaada mkubwa zaidi katika ile lugha ya kwanza kuliko katika hii ya pili.

Tuanze na maneno yenyewe, maana wapenzi wa lugha hatuwezi kuyapita bila kuyasalimu. "Bei", ambayo kwetu ni thamani inayotajwa, katika Kiarabu ilikotoka ni tendo zima la kuuza. "Mnada" na "kunadi" yanatokana na kuita kwa sauti. Ndiyo maana mgombea ananadi sera zake na mchuuzi ananadi samaki wake, na masikio yetu hayaoni ajabu. "Kutembeza", katika Kiswahili cha wazee wetu, kulikuwa pia kupita na bidhaa mtaani ukiitafutia mnunuzi. Lakini neno linalonigusa zaidi ni "dalali". Mzizi wake wa Kiarabu ni ule wa kuonyesha njia, kuelekeza, na kutoka mzizi huohuo tumepata "dalili". Kwa hiyo dalali na dalili ni ndugu wa tumbo moja. Kwa asili ya jina lake, dalali ni mtu wa kukuonyesha alama za kitu ili ukijue. Jinsi ndugu hawa wawili walivyoachana ndiyo habari yenyewe.

Katika karne ya 19, Unguja na miji ya mwambao ilijaa karatasi. Biashara ya karafuu na ya pembe iliendeshwa kwa mikopo, na mikopo iliwekewa dhamana ya mashamba na nyumba. Kila muamala uliandikwa katika waraka, na neno hilo bado tunalo, ingawa siku hizi tunawaachia wizara na maaskofu. Nyaraka hizo ziliandikwa kwa Kiarabu zaidi, nyingine kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na umbo lake lilikuwa la kukiri. Fulani bin fulani amekiri kwamba amemuuzia fulani bin fulani nyumba yake. Angalia vitenzi hivyo. Muuzaji yumo ndani ya sentensi, kwa jina lake na jina la baba yake, na mnunuzi yumo pia. Kukiri ni kitenzi kizito: ni tendo linalofanyika kwa kutamkwa, kama kuapa au kuoa. Aliyekiri hawezi kesho kusema kwamba maneno yalijisemea.

Waraka ulieleza pia aina ya uuzaji. Kulikuwa na bei kataa, yaani uuzaji wa moja kwa moja, na kulikuwa na beikhiyari, ambamo muuzaji alibaki na haki ya kuirudisha mali yake akilipa fedha ndani ya muda uliotajwa. Huu wa pili kwa hakika ulikuwa mkopo uliovaa kanzu ya uuzaji. Mtu aliyeshika waraka alijua ameshika nini.

Kisha ikaja mipaka, na hapa ndipo waraka unaponifurahisha kama msomaji wa ushairi. Nyumba ilielezwa kwa pande zake nne: kibla, matlai, suheli na magharibi. Kwa mtu wa pwani yetu kibla iko kaskazini, kwa hiyo jina la upande wa kusalia likawa jina la upande wa dunia. Matlai ni panapochomoza jua, na suheli ni nyota ya kusini ambayo mabaharia waliifuata. Katika kila upande kilitajwa kinachopakana nao: nyumba ya fulani, njia, msikiti, au bahari. Nyumba haikusemwa kuwa ni nzuri. Ilisemwa iko baina ya nani na nani. Majirani walitiwa ndani ya maelezo, na kwa kutajwa wakawa nusu mashahidi, kwani angesema nani kwamba nyumba haiko pale ilhali mipaka yake minne ilikuwa ikiota jua barazani?

Majirani hawakutajwa kwa mapambo. Fikihi ya Kiislamu inayo haki iitwayo shufaa, inayompa mshirika katika mali nafasi ya kuinunua kabla ya mgeni, na katika madhehebu ya Hanafi haki hiyo inamfikia hata jirani anayepakana nawe. Fikihi hiyohiyo inamruhusu mnunuzi kurudisha alichonunua akigundua kasoro iliyofichwa. Kasoro hiyo kwa Kiarabu ni "aib", na Waswahili tulipoichukua tukaifanya "aibu". Nimelitafakari neno hili mara nyingi. Kwa wanasheria wa kale aib ilikuwa ufa katika ukuta, jambo la kutajwa ili biashara iwe halali. Kwetu imekuwa haya usoni, jambo la kufichwa. Muuzaji wa leo anauona ufa wa ukuta wake kama aibu kwa maana yetu, ilhali angepaswa kuuona kwa maana ya asili.

Nyumba iliyoelezwa na nyaraka hizo ilikuwa na lugha yake pia. Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko hautoi boriti ndefu kupita kiasi, kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba, upana wake mita mbili na nusu hadi tatu hivi, na urefu ukaachwa uende utakavyo. Mti ndio uliompangia mjenzi. Katika nyumba ya Lamu mtu alitoka barabarani akaingia daka, akapita tekani, akatokea kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha msana, na mwishowe chumba ambacho jina lake ni "ndani" tu. Nyumba ilipangwa kama sentensi, kutoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji, kutoka kwa sauti kwenda kwa kimya. Jina la kila hatua lilimwambia mtu si umbo la mahali tu, bali pia nani anaruhusiwa kufika hapo.

Hapa sarufi yetu inatoa zawadi ambayo waandishi wa matangazo hawaigusi. Kiswahili kina mahali pa aina tatu: ku-, pa- na mu-. Kule kusiko dhahiri au kulikotanda, hapa palipo dhahiri, na humu ndani. "Mtaani kuna soko, mbele pana baraza, ndani mna vyumba vinne." Katika sentensi moja msomaji ametoka mtaani, amesimama mbele ya nyumba, na ameingia, bila kitenzi chochote cha kutembea. Nilipokuwa nikifundisha ngeli ya mahali niliwapa wanafunzi zoezi la kumpitisha mgeni katika nyumba zao kwa viambishi hivi vitatu tu, na walioandika insha dhaifu mwaka mzima waliandika vizuri siku hiyo. Kumbe walikuwa na kitu cha kusema.

Na katika ushairi wetu, maelezo makuu ya nyumba yamo katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambaye aliyatazama majumba ya matajiri wa Pate yaliyoanguka. Anayapitia sehemu kwa sehemu, pamoja na madaka yaliyokuwa na vyombo na viumbe vilivyohamia humo baada ya watu. Hayo ni maelezo ya nyumba ambazo hakuna dalali angeweza kuziuza tena. Lakini mtu akitaka kujifunza namna ya kumfanya msomaji aione nyumba ambayo hajawahi kuikanyaga, sijui mwalimu bora kuliko huyo.

Karne ya 20 ilileta nyumba nyingine, ile ambayo mpaka leo tunaiita nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, baraza mbele, na uani nyuma penye jiko, choo na stoo. Ilienea Kariakoo, Ilala, Magomeni na miji mingine mingi. Nyumba hii ilikuwa na umbo moja linalojulikana kama bahari ya shairi. Ukisema "vyumba sita" msikilizaji alikuwa amekwisha kuiona yote, na kilichobaki kuulizwa ni choo kikoje, bati ni la lini, na maji yanatoka wapi. Tangazo lilipita mdomoni, barazani na msikitini, na aliyetangaza alijulikana ni mtoto wa nani.

Halafu soko lenyewe likanyamaza. Mwaka 1963, Tanganyika iligeuza umiliki wa ardhi wa milele uliobaki kutoka enzi za kikoloni kuwa umiliki wa muda. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali. Mwaka 1971 Bara ilitunga sheria ya kutwaa majengo, na majengo ya kupangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakawa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba. Sina nia ya kuhukumu siasa hiyo hapa. Waliokuwa wapangaji wana kumbukumbu zao, na waliokuwa wenye nyumba wana zao. Ninachokiangalia ni vitenzi. Mtu wa miaka ile hakununua nyumba mjini. Aligawiwa, alipewa, alipangishwa, au alimpa mtu kilemba akaachiwa chumba. Ardhi tupu kisheria haikuwa na bei, kilichouzwa kilikuwa maendelezo yaliyo juu yake, na ndiyo sababu watu walijenga msingi na kuta za haraka ili wawe na cha kuuza. Neno "pagale" limepata maisha marefu kwa njia hiyo.

Nilipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulifundishwa kutunga matangazo ya aina nyingi: ya mkutano, ya kifo, ya kupotelewa na ng'ombe, ya mnada wa magari ya serikali. Tangazo la kuuza nyumba halikuwemo, na hakuna aliyeshangaa. Kizazi kizima cha walimu, ambao baadaye ndio walimfundisha dalali wa leo, hakikuwa na kielelezo. Silitaji hili kwa kulaumu. Lugha ya muamala hudumu kwa kutumika, na hii haikuwa na kazi kwa karibu miaka ishirini.

Soko lilipofunguka tena katika miaka ya 1990, likifuatwa na sheria za ardhi za 1999 zilizotamka kwamba haki ya ardhi ina thamani, watu walihitaji maneno kwa haraka. Waliyachukua walipoyapata: nusu katika magazeti, nusu katika mdomo wa mchuuzi wa mitumba. Ndipo ikazaliwa sentensi tunayoijua sote, "Nyumba inauzwa."

Itazameni sentensi hiyo, enyi wapenzi wa sarufi. Kitenzi ni cha kutendwa na mtendaji hayupo. Nani anauza? Haijulikani. Sarufi ya kutendwa si dhambi. Tunaihitaji pale mtendaji hana umuhimu. Lakini katika kuuza nyumba mtendaji ndiye jambo la kwanza ambalo mnunuzi anataka kulijua. Waraka ulianza na jina la anayekiri. Tangazo linaanza kwa kulificha, na tapeli haombi pango kubwa zaidi ya hilo la kujifichia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia nyumba ya wanandoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na mirathi haiuzwi halali na mtoto mmoja aliyewahi kuamka mapema kuliko wenzake. Maneno mawili, "na nani", yangepunguza kesi nyingi mahakamani na rangi nyingi nyekundu kwenye kuta.

Baada ya kitenzi huja sifa. Nyumba ni nzuri, ni kali, ni ya kisasa, ipo sehemu tulivu iliyochangamka (mambo mawili ambayo hayakai pamoja kwa urahisi), bei ni poa, na hati ni safi. "Ya kisasa" ni sifa isiyo na tarehe. Nyumba ya 1985 nayo ilikuwa ya kisasa siku ilipoezekwa. "Hati safi" inanitia wasiwasi zaidi kuliko kunituliza, kwani inanikumbusha kwamba kuna chafu. "Dakika tano kutoka barabara ya lami" haisemi ni dakika za miguu, za bodaboda, au za ndege. Sifa hizi zote zina kasoro moja: zinaweza kusemwa juu ya nyumba yoyote. Linalofaa kwa kila nyumba haliuzi hata moja.

Si haki lakini kuyatupa matangazo ya leo yote. Katikati ya sifa hizo madalali wetu wamebuni sentensi chache ambazo waandishi wa nyaraka wangezikubali. "Gari inafika mpaka mlangoni" ni sentensi nzuri mno. Inapimika, inaonekana, na anayejua mitaa yetu isiyopimwa anaelewa mara moja kwamba hata jeneza na samani na mgonjwa vitapita. "Maji yanatoka siku zote" ni nyingine. Sentensi hizi zinavuta kwa sababu zikiwa za uongo mnunuzi ataugundua uongo huo siku ya kwanza, na muuzaji anajua.

Jambo hili halihusu Kiswahili peke yake. Katika kitabu chao Freakonomics cha 2005, Steven Levitt na Stephen Dubner walieleza jinsi maneno ya matangazo ya nyumba huko Marekani yanavyohusiana na bei zilizopatikana. Maneno yanayotaja kitu, kama vile jiwe la matale au mbao za aina fulani, yaliambatana na bei za juu. Maneno ya sifa za jumla, pamoja na alama ya mshangao, yaliambatana na bei za chini. Na London, katika miaka ya 1950 na 1960, dalali Roy Brooks alijipatia umaarufu kwa matangazo ya magazetini yaliyotaja waziwazi ubovu wa nyumba alizouza, unyevunyevu na uchafu na yote. Watu walinunua gazeti ili wamsome, na nyumba zake ziliuzwa. Huenda wengine wataona Brooks alikuwa mchekeshaji tu. Mimi naona alikuwa karibu na waraka wa Unguja kuliko alivyojua, kwani aliitaja aib, na mnunuzi akajua kwamba mtu huyu akisema paa ni zima, basi paa ni zima.

Nimeliona hilo kwa karibu zaidi katika familia. Mama mkwe wangu alipofariki aliacha nyumba Ngamiani, Tanga, katika mitaa ile iliyopangwa kwa barabara zenye namba. Warithi walikuwa wanne, na mmoja wao, shemeji yangu, alikuwa ameanza kusafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki. Nyumba ilipaswa kuuzwa, na kila mwezi uliopita ulikuwa na gharama yake. Dalali alitangaza kwa simu, na tangazo lake ninalo: "Nyumba nzuri sana inauzwa Tanga mjini, ipo sehemu nzuri, ina kila kitu, bei poa maongezi yapo, wahi!!!" Miezi mitano ilipita. Walikuja watu kumi na wanne. Dalali alipokea hela ya kuwapeleka kwa kila mmoja wao, na wote waliondoka wakiwa na sura ya mtu aliyeahidiwa pilau akaletewa uji. Uji si chakula kibaya. Ubaya ulikuwa katika ahadi.

Shemeji mkubwa, aliyekuwa msimamizi wa mirathi, akaniambia, "Mwalimu, wewe umefundisha watu kuandika maisha yako yote. Tuandikie." Nikamwomba siku mbili, si za kutunga bali za kuikagua nyumba. Niliizunguka na futi kamba na daftari. Nilikaa ukumbini kuanzia saa saba mchana mpaka magharibi nijue upepo unaingia saa ngapi. Nilimuuliza jirani wa upande wa kusini kuhusu ule ufa. Kisha nikaandika:

"Nyumba inauzwa na warithi wanne, kupitia msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, barua ya uteuzi itaonyeshwa kwa kila anayefika. Iko Ngamiani, Tanga. Mtaani kuna soko na shule ya msingi, na vyote hufikiwa kwa miguu. Mbele pana baraza ya saruji yenye urefu wa nyumba nzima, yenye kivuli kuanzia adhuhuri. Ndani mna vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi. Kila chumba kinaingia kitanda cha futi sita, kabati na mtu wa kusali. Milango miwili ya ukumbi ikiwa wazi, upepo wa bahari hupita kuanzia saa nane mchana. Uani pana jiko la kuni, vyoo viwili, mkomamanga mmoja unaozaa, na kisima ambacho maji yake yana chumvi na yanafaa kufulia tu. Maji ya kunywa ni ya bomba. Bati lilibadilishwa 2016. Ukuta wa kusini una ufa, unaanzia dirishani hadi karibu na msingi. Umezibwa mara moja na umerudi, na jirani anasema ulikuwepo kabla ya mwaka 2000. Mashariki inapakana na barabara, na pande nyingine tatu na nyumba za majirani, ambao hawana dai lolote juu ya mpaka na wako tayari kuulizwa. Hati ni ya miaka 33, imebakiza 12. Bei ni shilingi milioni 65, na warithi watazungumza na aliyekwisha kuiona nyumba."

Dalali alilisoma akacheka. Alisema hakuna mtu anayeuza kwa kutangaza ufa. Shemeji mdogo naye alitaka angalau "kisima" kiachwe bila chumvi yake. Tulibishana jioni nzima, na aliyeamua ni mgonjwa mwenyewe, aliyesema kwamba amechoka kupikia chai watu wasionunua.

Waliokuja safari hii walikuwa watano tu, lakini walikuja wakiwa wamekwisha kuiona. Mmoja aliingia moja kwa moja hadi uani akauangalia mkomamanga kabla ya kutusalimu vizuri. Mwingine alileta fundi wake, wakaenda ukuta wa kusini, fundi akachokonoa kwa msumari, wakanong'ona. Huyo alikuwa mwalimu mstaafu kama mimi, mwanamke kutoka Muheza aliyetaka kuwa karibu na hospitali. Aliniuliza nani aliandika lile tangazo. Nilipomwambia, akasema hakuja kwa ajili ya upepo wala baraza, ingawa barazani amepapenda. Alikuja kwa sababu ya ufa. Alikwisha kuona nyumba tisa zisizo na ufa hata mmoja kwenye matangazo, na zote zilikuwa nazo ukutani.

Alikwenda kwa majirani watatu peke yake, bila sisi, akakaa kwa kila mmoja. Aliporudi alipunguza milioni tatu kwa ajili ya ukuta na akaeleza hesabu ya fundi: mifuko ya saruji, nondo na siku za kazi. Hatukuwa na la kubisha, kwa kuwa ufa tulikuwa tumeutaja wenyewe. Mkataba uliandikwa kwa Kiswahili mbele ya wakili, warithi wote wanne wakatia saini, na mipaka minne ikatajwa, ingawa wakili alitaka kuandika namba ya kiwanja tu. Malipo ya kwanza yalifika wiki ileile, na shemeji akalipiwa matibabu yake ya miezi iliyofuata.